Aliye Nyuma Yako Hana Macho

Shimo nililiona. Nianze hapo, kwa sababu mengi nitakayosema yataonekana kama mahubiri ya mtu msafi, na mimi si msafi.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na kundi letu la watu kumi na wanne lilikuwa likishuka kutoka Limuru kurudi Nairobi. Anayeijua barabara ile ya Tigoni hadi Banana anajua inavyokuvuta: majani chai pande zote, baridi usoni, lami inateremka, na miguu inaanza kuamini kwamba kasi ile ni yake. Nilikuwa mbele. Kando yangu alikuwa jamaa ambaye tangu tupande asubuhi alikuwa akinichokoza. Kila nikimfikia, anaongeza kidogo ili gurudumu lake liwe nusu mbele ya langu. Nilikuwa nimeshikwa na hasira za kitoto. Nikaona shimo limejaa maji, upana wa karai la mjengo. Nikalikwepa kwa kuyumba kidogo tu. Sikunyoosha mkono, wala sikupiga kelele. Pumzi ya kutamka neno moja niliiweka akiba nimwonyeshe yule jamaa kwamba sijachoka.

Dada aliyekuwa nyuma yangu alikuwa kwenye safari yake ya pili na sisi. Aliingia shimoni mzima mzima. Mtulinga ulivunjika, na kijana aliyekuwa nyuma yake akamparamia, akachunika paja lote. Bahati ilikuwa moja tu: lori lililokuwa nyuma yetu lilikuwa bado mbali.

Jioni hukumu ikatolewa kwenye kikundi cha WhatsApp. "Alikuwa amekaa karibu sana." "Wageni wajifunze kwanza kabla ya kuja." "Wasee, hii si nasari." Mwingine akaweka methali, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ikafuatwa na msururu wa vikatuni vya kucheka. Mimi niliandika "pole sana dada, upone haraka," nikazima simu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza ni nani alikuwa mbele.

Ninachosema ni hiki: katika kundi la baiskeli barabarani, aliye nyuma yako hana macho. Amekukabidhi yake. Ukinyamaza, umemwibia, na akianguka, wa kwanza kuulizwa ni wewe. Adabu nyingine zote za kundi zinatoka hapo, na vilabu vyetu vingi vimeigeuza kanuni hii juu chini. Mzigo wote wa usalama anatwikwa anayejua kidogo, na anayejua zaidi anabaki huru kukimbia.

Wanaosema "alikuwa karibu sana" hebu tupige hesabu pamoja. Kilomita 36 kwa saa si kasi ya ajabu kwenye mteremko. Hiyo ni mita 10 kwa kila sekunde. Ukikaa nusu mita nyuma ya mwenzako, gurudumu lako la mbele liko kama mita mbili na kidogo nyuma ya lake. Shimo alilolikwepa yeye linakufikia wewe baada ya takriban robo ya sekunde. Kabla macho yako hayajaiambia mikono, umeshaingia. Na hatukai karibu hivyo kwa ujinga. Tunakaa karibu kwa sababu ndiyo faida yenyewe ya kuendesha kwa kundi: wa mbele anapasua upepo, na wa nyuma anaweza kuokoa hata theluthi ya nguvu zake. Sisi wenyewe ndio tunaomwambia mgeni, "Sogea, kaa kwenye gurudumu, usiachie pengo." Anasogea. Akisogea anapoteza barabara, anaona mgongo wa mtu tu. Halafu akianguka tunamwambia alisogea sana.

Hapo ndipo ninapokasirika. Tumefundishana vitu vingi visivyo na maana. Ninajua vilabu ambako mgeni atasahihishwa urefu wa soksi kabla hajafika kwenye taa za kwanza. Ataulizwa baiskeli yake ni ya kaboni au ya aluminiamu. Ataambiwa kofia yake ni ya zamani, miwani yake ni ya sokoni, kaptula yake si ya klabu. Mambo hayo tunayaita utamaduni wa mchezo. Lakini hakuna atakayemfundisha jinsi ya kunyoosha mkono kuonyesha shimo. Hakuna atakayemwambia kwamba gurudumu lake la mbele likigusa la nyuma la mwenzake, mwenzake atatikisika tu lakini yeye ndiye atakayelala chini, kwa hiyo asiruhusu magurudumu yapishane. Hakuna atakayemweleza kwamba mtu akisimama ghafla kwenye kanyagio wakati wa kupanda, baiskeli yake hurudi nyuma kidogo na kumfikia anayemfuata. Dawa yake ni ndogo: ongeza gia moja, simama ukiwa unakanyaga, usiwe unapumzika. Nilijifunza hilo mwaka wangu wa tatu, na kwa kugongana.

Wakenya tuna haki ya kujivunia baiskeli. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara 4, alizaliwa Nairobi mwaka 1985, na alipokuwa kijana alifunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kwenye bara hili, na wengi wetu tuliyatazama tukiwa tumekaa kwenye ukingo wa kiti. Ni vizuri. Tatizo ni tunachokiokota kwenye televisheni. Tunaona watu zaidi ya mia wamebanana bega kwa bega wakishuka mlima, na Jumamosi inayofuata tunajaribu hivyo hivyo pale Ruaka. Tunasahau kwamba wale barabara imefungwa kwa ajili yao, na wamefanya mazoezi ya kukaa karibu kwa miaka mingi. Hata wao huanguka. Yetu haijafungwa. Ina matatu inayosimama steji bila ishara, boda inayokuja upande usio wake, tuta lisilopakwa rangi, mkokoteni wa viazi, na mfereji ambao kifuniko chake cha chuma kiliibwa kikauzwa kwa wanunua vyuma vikuukuu. Barabara ya namna hiyo inataka watu wanaozungumza. Ukimya wa kishujaa tuwaachie walio kwenye televisheni.

Kuna wanaojibu, "Adui si sisi. Adui ni madereva na serikali." Nusu ya hilo ninaikubali. Nimepitwa na basi kwa karibu hadi upepo wake ukanisukuma nje ya lami. Mwaka 2015 kaunti ya Nairobi ilitoa sera iliyoahidi kutenga asilimia 20 ya bajeti ya barabara kwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na usafiri wa umma. Atakayeendesha baiskeli mjini humu aniambie mwenyewe ameiona wapi ahadi hiyo chini ya tairi zake. Tuendelee kudai. Lakini shimo la Jumamosi ile halikuwa na dereva. Lilikuwa na mimi. Siwezi kuandamana kudai njia ya baiskeli asubuhi, kisha alasiri nikamnyima mwenzangu neno moja lisilogharimu hata shilingi.

Wengine husema, "Asiyeweza asije. Afanye mazoezi kwanza peke yake." Sawa, tuseme hivyo, lakini tuseme kabla. Uovu ninaouona kila wiki ni uongo wa tangazo. Wanaandika "mwendo wa kiungwana, kilomita 25 kwa saa, hakuna atakayeachwa." Unafika saa kumi na mbili asubuhi, mnapiga picha, mnaondoka. Dakika ishirini baadaye wanne wa mbele wako kwenye 35, katikati watu wanatapatapa, na nyuma kabisa kuna mzee wa miaka sitini au binti wa chuo peke yake kwenye barabara kuu, hajui mlikokata kona. Mkifika Limuru mnaagiza chai na mandazi, mnasema, "Atatufikia." Huyo mmemdanganya. Mngemwambia ukweli angekwenda na kundi jingine, au angelala.

Kundi la kasi si dhambi. Watu wanaotaka kukimbia wakimbie, waite safari yao kwa jina lake. Lakini ukiahidi kwamba hakuna atakayeachwa, una deni. Lazima awepo mtu mmoja anayejua njia, anayekaa wa mwisho kutoka mwanzo hadi mwisho na anayelipokea jukumu hilo bila kunung'unika. Watu wahesabiwe mwanzoni, wahesabiwe tena kila kona kubwa. Juu ya kilima mngojee, na anayefika wa mwisho apewe muda wa kupumua. Ule mtindo wa kumngoja mtu dakika kumi, kisha kuondoka mara tu anapofika, ni ukatili. Waliongoja wamepumzika, aliyechelewa ndiye asiyepumzika kamwe.

Na wakiwa wengi, wagawanywe. Watu ishirini na tano kwenye barabara isiyo na ukingo ni msafara wa harusi. Dereva aliye nyuma hawezi kuwapita, anapandwa na hasira, na hasira yake inamalizikia kwa yule wa mwisho. Vikundi vya saba au wanane, vyenye nafasi kati yao ya kutosha gari kuingia, vinamrahisishia kila mtu. Pale barabara ni pana, wawili wawili ni sawa, kwa sababu msafara unakuwa mfupi. Ikibana, mmoja mmoja, na mgeuko huo ufanywe kwa kutangaziana na kwa utaratibu, kila mtu akiingia nyuma ya jirani yake.

Kuna neno moja ambalo ningelipiga marufuku leo kama ningekuwa na uwezo. Ni lile la kwenye makutano: "Iko sawa, twende!" Anayelipaza ni wa kwanza, na kwake ni kweli iko sawa. Lakini wa nane akifika, sekunde tano zimepita na matatu imeshatokea. Naye hatazami, kwa sababu ameambiwa iko sawa. Taja hatari, kamwe usitaje usalama. Sema "gari kushoto," sema "simama," sema "polepole." Ukiwa hakuna hatari, nyamaza, kila mtu atazame kwa macho yake. Makutano ni mahali pekee ambapo aliye nyuma anarudishiwa macho yake, na lazima ayatumie.

Kuhusu maneno yenyewe, tutumie yanayofika masikioni haraka. Shimo. Tuta. Mchanga. Gari nyuma. Mtu mbele. Nimesikia watu wakipaza sentensi nzima ya Kiingereza cha kwenye runinga huku fundi wa pancha wa Kawangware, aliyejiunga nasi kwa baiskeli aliyoiunga mwenyewe, akijiuliza wamesema nini. Neno likisemwa mbele lirudiwe na kila mmoja hadi mwisho. Na mkono ukihitajika kwenye breki ubaki kwenye breki. Mdomo utafanya kazi hiyo. Shimo kubwa lisikwepwe ghafla. Anayeongoza aliangalie mbali, alitaje mapema, abadilishe mstari polepole, na kundi zima limfuate kama maji. Asipoweza kulikwepa bila kuyumba, basi apunguze mwendo, aseme, watu wapite. Kupunguza mwendo hakujawahi kumvunja mtu mtulinga.

Adabu hiyo haiishii kwa walio na kofia kama zetu. Hili linaniuma kuliko la soksi. Asubuhi ile ile tunayokimbia sisi kwa raha, kuna mzee anapeleka maziwa kwa Black Mamba, makopo mawili yamefungwa kwa mpira nyuma. Kuna kijana wa mkate, kreti imempita kichwa. Nimesikia watu wetu wakimpigia kelele, "Toka njiani!" Toka njiani, yeye? Katika nchi hii baiskeli ilikuwa ya kazi kabla haijawa ya wikendi. Hata jina boda boda lilianzia kwa waendesha baiskeli waliokuwa wakivusha watu mpakani kule Busia, kabla pikipiki hazijaja. Mzee yule ndiye mwenye barabara. Sisi ni wageni waliovaa vizuri. Unampita kwa nafasi, unapunguza mwendo, unasema, "Shikamoo mzee, tunapita kulia," na ukiona cheni yake imetoka unasimama. Klabu isiyoweza kumsalimia mzee wa maziwa haina adabu ya kumfundisha mtu yeyote.

Sasa, nisije nikaonekana kama nimewaosha wageni. Mgeni naye ana deni lake. Fika mapema, si wakati watu wameshapanda. Kagua breki na tairi usiku, si pale kituoni. Beba tyubu mbili, pampu, maji, chakula kidogo, simu yenye chaji na nauli ya kurudi nyumbani. Usivae vipokea sauti masikioni. Kama umenipa macho yako, angalau nibakizie masikio yako. Kama baiskeli yako ina vile vyuma vya mbele vya kulalia mikono, usivitumie ndani ya kundi, maana mikono inakuwa mbali na breki. Usifunge breki kwa kishindo. Ukienda mbele kuongoza, usiongeze mwendo ili uonekane. Shika ule ule uliokuta. Ukichoka, toka kando kwa ishara, usifie pale mbele.

Zaidi ya yote, sema. Sema, "Hii ni mara yangu ya kwanza." Sema, "Sijui kukaa karibu hivyo," ukaache mita mbili, upoteze kidogo cha upepo, uendelee kuiona lami. Najua kwa nini watu hawasemi. Hawasemi kwa sababu wameona anayesema anavyochekwa. Yule dada hakutuambia kwamba alikuwa anaogopa mteremko. Baadaye, kwa nini nimlaumu kwa kunyamaza, ilhali mimi mwenye uzoefu wa miaka nilinyamaza kwa sababu ya fahari?

Nilikwenda kumwona wiki ya pili. Alikuwa amefungwa mkono kifuani, mamake akatuletea chai. Tukazungumza mambo ya hospitali na gharama, kisha mama alipotoka akaniuliza swali moja tu, "Ulikuwa mbele yangu. Uliliona?"

Nilimwambia sikuliona. Nikasema maji yalikuwa yamelifunika. Akatikisa kichwa, akasema, "Basi ni bahati mbaya." Mwezi uliofuata akaiuza baiskeli. Aliyeinunua ni mmoja wetu.

Kwa hiyo ninapodai jambo, ninadai nikiwa na deni. Kabla ya kundi lolote kuondoka, dakika tano zitolewe. Asemwe nani anaongoza na nani anafunga mkia. Usemwe mwendo wa kweli. Zitajwe ishara, zionyeshwe kwa mikono, kila mtu azirudie, hata mkongwe wa miaka kumi. Waulizwe walio wapya, na kila mmoja apewe mtu wa kukaa naye kando. Na mtu akianguka, swali la kwanza kwenye kikundi cha WhatsApp liwe, "Ni nani alikuwa mbele, na alisema nini?" Asiyetaka dakika hizo tano, barabara ni ndefu, na aende peke yake. Huko atakimbia atakavyo, na hakuna atakayemkabidhi macho.

Mimi siku hizi nikiwa mbele napiga kelele hadi wenzangu wanachoka. Shimo. Tuta. Shimo tena. Jamaa mmoja aliniambia, "Buda, tumeona." Nikamwambia hapana, nimeona mimi, ninyi mko nyuma. Na makala haya nitamtumia yule dada kabla hajayasoma kwingine, ili jibu la swali lake alipate kutoka kwangu.